Aliyesema Mtoto Amepona

Gordon Waliaula alikuwa na tabia moja ambayo Daktari Rasik hakuipenda kabisa: aliwajua wagonjwa kwa majina. Sisi wengine wa maabara tuliwajua kwa namba. Kipande cha nyama ya mgonjwa kililetwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza, chupa ikiwa na namba. Tulikigandisha ndani ya nta, tukakikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, tukavipaka rangi juu ya kioo, kisha Daktari akaangalia kwenye hadubini na kuandika majibu. Namba iliingia, namba ikatoka. Lakini Waliaula alitoka nje mpaka kwenye benchi la wagonjwa, akachuchumaa mbele ya mtoto na kumwuliza anaitwa nani, anatoka wapi, kwao wanafuga nini.

Mwaka huo wa 1972 mimi, Nelima, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kisumu, na maabara ilikuwa na watu watatu tu. Daktari Rasik alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kisumu, baba yake akiuza vitambaa mjini. Waliaula alikuwa Mbukusu kama mimi, amenitangulia kazini kwa miaka tisa, na ndiye aliyenifundisha kukata nyama bila kuichana.

Kazi iliyotumaliza ilikuwa ya watoto. Walitoka Nyakach, Kano, visiwani, kila mahali ambapo ziwa na mbu vilikaribiana. Mtoto wa miaka mitano au sita analetwa na taya limevimba kama ameficha yai shavuni. Meno yanalegea, jicho linasukumwa nje. Unaweka kioo chake chini ya hadubini, unaona chembe nyeusi zimebanana pande zote, na katikati yake matundu meupe yametawanyika kama nyota. Ni kitu kizuri kukitazama, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Ukishaona zile nyota, unajua mtoto ana saratani.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeona watoto thelathini na mmoja. Hakuna aliyetuuliza tulilalaje. Mimi jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu Nasipwondi ameacha ugali kwenye sahani, nikamchapa kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Alikuwa na miaka mitano. Nilipomwona anashika shavu lake ndipo nikajua nilikuwa nampiga kwa sababu gani, na hata hivyo sikuweza kumweleza mtu. Waliaula naye alipigana kwenye kilabu cha pombe huko Manyatta alikokuwa anakaa. Mlevi mmoja alikuwa akiigiza mtoto mwenye taya lililovimba ili wenzake wacheke. Waliaula alimvunja pua, kisha akaja kazini asubuhi na vidole vimevimba, akakata vipande vyake kama kawaida.

"Mke wako anasemaje?" nilimwuliza.

"Metrine hasemi. Ananiangalia tu kama mgeni aliyekosea mlango."

Daktari Rasik alituona, lakini dawa yake ilikuwa moja. "Angalieni kioo," alisema. "Msiangalie jina. Na habari ya ugonjwa si yenu kuipeleka. Ni ya daktari wa wodi." Yeye mwenyewe aliingia kwa mlango wa nyuma kila asubuhi ili asipite mbele ya lile benchi.

Mwezi wa pili aliletwa msichana anayeitwa Adero. Alikuwa na miaka sita, na baba yake, Obiero, alikuwa mkulima wa mpunga kule Ahero. Mama yake alikuwa amefariki wakati wa kujifungua mtoto mwingine, kwa hiyo Obiero ndiye aliyemuosha, aliyempikia uji, aliyelala chini ya kitanda chake wodini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kwa maji ya mashamba. Alipombeba mtoto kuja kutolewa damu alimfunika uso kwa khanga ili watu wasimtazame.

Waliaula alimvua ile khanga taratibu. "Adero, unataka kuona damu yako?" Akampandisha kwenye kiti cha chuma, akamwekea jicho lake zima kwenye hadubini. Mtoto alitulia muda mrefu, kisha akasema neno kwa Kijaluo, na baba yake akacheka.

"Amesema nini?" Waliaula akauliza.

"Anasema ni mayai ya samaki."

Kuanzia siku hiyo Adero alikuwa wa Waliaula. Kipande cha taya lake nilikikata mimi, na zile nyota zilikuwepo. Waliaula alikitazama baada ya Daktari, akatoka nje, na nikasikia akipiga ukuta wa choo kwa ngumi.

Wakati huo dawa ilikuwa imeshapatikana, ya kuchomwa kwenye mshipa. Adero alichomwa sindano ya kwanza siku ya Jumatatu. Jumatano uvimbe ulikuwa umelegea. Kufikia Jumatatu iliyofuata taya lilikuwa limerudi mahali pake kabisa, jicho limeingia ndani, na mtoto anakimbia kwenye ukumbi wa wodi. Nilikuwa nimewahi kuliona jambo hilo kwa watoto wengine wachache, na kila mara nililia.

Lakini sisi wa maabara tulijua pia kwamba uvimbe kuisha si ugonjwa kuisha. Mtoto alitakiwa kurudi kila wiki ya pili, miezi mingi, achomwe tena na tena.

Siku Obiero alipokuwa akiondoka na bintiye, alipita dirishani kwetu kuaga. Alimshika Waliaula mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Fundi, niambie wewe. Yule daktari wa wodi anaongea Kizungu na nesi anatafsiri nusu. Mtoto amepona?"

Waliaula alimtazama Adero aliyekuwa akitafuna muwa kwa meno ambayo wiki mbili nyuma yalikuwa yanacheza.

"Amepona, Baba Adero," akasema. "Mtoto wako amepona. Mpeleke nyumbani."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilisikia kila neno. Ningeweza kusogea dirishani niseme, "Lakini lazima arudi." Sikusema. Nilitaka nami, mara moja tu, kuwa kwenye chumba ambamo mtu ameambiwa hivyo.

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu. Maji yakafunika Kano, barabara ya Ahero ikakatika, na Obiero alikuwa na mpunga wa kupandikiza. Wiki ya pili ikapita, ya nne, ya sita. Nesi alimtumia barua kupitia kwa chifu. Baadaye tuliambiwa barua ilifika, na Obiero aliisoma na kuiweka chini ya godoro, kwa kuwa mtu wa koti jeupe alikuwa amemwambia mtoto amepona.

Alimrudisha mwezi wa tano. Adero alikuwa hawezi kufumba jicho moja, mdomo umepinda upande, miguu haina nguvu. Waliyachota maji ya uti wa mgongo wakayaleta kwetu. Waliaula mwenyewe aliyazungusha kwenye mashine, akayapaka rangi, akaketi. Maji hayo kwa kawaida hayana kitu. Yeye alikaa bila kuondoa macho, na mwishowe akasema, "Nelima, njoo uangalie. Labda mimi sioni vizuri."

Niliangalia. Zile chembe nyeusi zilikuwa zimejaa.

"Unaona vizuri," nilimwambia.

Adero alifariki siku ya Jumamosi. Jumapili walimchukua, Jumatatu wakamzika kwenye udongo uliokuwa bado na maji.

Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nimetoa kisu kwenye mashine yetu ya kukatia vipande, nikikinoa kwenye mkanda wa ngozi. Kisu hicho kina urefu wa shibiri moja, kizito, na makali yake yanashinda wembe. Waliaula alikuwa akipanga chupa kwenye rafu. Mlango ukafunguliwa, Obiero akaingia, amevaa koti refu lililochafuka tope mpaka magotini.

Waliaula aligeuka. "Baba Adero," akasema, na akanyoosha mkono kumpa pole.

Rungu lilitoka chini ya lile koti. Lilimpata juu ya sikio, nikausikia mfupa ukialika. Waliaula aliangukia rafu, na rafu yote ikashuka pamoja naye. Chupa zikapasuka sakafuni, vipande vya nyama za watu vikatapakaa miguuni mwetu, na formalini ikatupiga machoni na kooni kama moto. Obiero hakuacha. Alipiga mgongo, akapiga mkono ulioinuliwa kujikinga, akapiga meza, dirisha, hadubini, kila kitu alichokifikia.

"Ulisema amepona! Wewe ndio ulisema! Ulisema!"

Niliweka kisu mezani nikamrukia mkono. Alinitupa kama kikapu. Rungu lilimponyoka, na mkono wake ulipotafuta kitu kingine ulikutana na kile kisu. Alikiinua juu ya Waliaula. Sikufikiri. Nilikishika. Nilikishika kwa mkono wa kulia, kwenye makali, naye akakivuta.

Sikusikia maumivu mara moja. Niliona tu vidole vyangu viwili, cha pete na kile kidogo cha mwisho, vimefunguka ndani mpaka kwenye weupe, na damu inaruka kwenye koti la Obiero. Yeye pia aliiona. Alisimama akaitazama damu hiyo, akaachia kisu kikaanguka. Nadhani pale ilikuwa imekwisha. Kama angeachwa, angeketi chini alie.

Lakini Waliaula alikuwa ameinuka. Nusu ya uso wake ilikuwa damu. Alikishika kile kiti cha chuma kwenye miguu ya kiti, akakinyanyua na kumpiga Obiero begani. Obiero akapiga magoti. Waliaula akampiga tena, mgongoni. Kisha usoni. Na kila alipopiga alitaja jina.

"Adero!" akapiga. "Ouko!" akapiga. "Nasimiyu! Awuor! Opondo!"

Ilinichukua muda kuelewa. Yalikuwa majina ya watoto. Alikuwa ameyaweka yote, miaka yote ya kazi yake, na sasa yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine pamoja na kile kiti, juu ya mwili wa baba ambaye binti yake alikuwa mmoja wao. Obiero hakujikinga tena. Meno yake yalikuwa sakafuni pamoja na vioo.

"Waliaula!" nilipiga kelele. "Utamwua!"

Elsie, mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbi, aliwahi mlangoni, akaona damu, akatoka nje akipiga mayowe kwamba mtu ameingia kuua. Watu waliokuwa kwenye benchi na wale waliosubiri langoni walikuja mbio. Walimkuta mtu mwenye koti la tope amelala karibu na kisu, na mfanyakazi wa kike anavuja damu. Hawakuuliza. Walimburuta Obiero kwa miguu mpaka uani na kuanza naye: mateke, fimbo, kisha mawe yaliyopangwa kando ya maua. Wengi wao walikuwa na wagonjwa wao wodini. Walimpiga kama watu waliokuwa wakisubiri kwa siku nyingi kuonyeshwa wa kupigwa.

Hapo ndipo Daktari Rasik alipopita kwenye mlango wa mbele. Mtu mdogo, mwenye miwani, akajitupa katikati ya watu akisukuma kwa viwiko. Jiwe lilimpata mdomoni. Alitema damu akaendelea kusukuma. "Mwacheni! Huyu ni mzazi! Ni mzazi wa mgonjwa!" Hakuna aliyemsikia.

Waliaula alitoka akiwa anashika ukuta. Sijui alimwona nani pale chini, kama alimwona Obiero au alijiona mwenyewe. Alipasua njia, akaanguka juu ya yule mtu, akamfunika kwa mwili wake wote. Fimbo mbili tatu zilimpata kabla watu hawajatambua ni nani.

"Ana haki!" alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nilimdanganya. Ana haki. Nipigeni mimi."

Watu waliacha kupiga. Mmoja akaweka jiwe chini polepole, akaondoka kwa aibu, wengine wakamfuata.

Walitushona mchana huo huo. Obiero alilazwa chini ya ulinzi wa askari, taya limevunjika mahali pawili. Waliaula alikuwa na ufa kwenye fuvu. Vidole vyangu vilishonwa ngozi, lakini kano zilikuwa zimekatika, na mpaka leo havikunjiki.

Siku ya tatu Waliaula alikuja kitandani kwangu, kichwa kimefungwa.

"Huruma yako imekula vidole vyangu," nilimwambia. "Unasikia? Ungefunga mdomo, yule mtoto angerudi kuchomwa. Labda angekufa, labda asingekufa. Sasa hatutajua."

"Najua, dada."

"Ondoka."

Aliondoka. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nyuma yake siku ile dirishani. Hilo nilikuja kulisema baadaye sana, kwa mume wangu.

Kesi ilisikizwa mwezi wa nane. Wakubwa wa misheni walikuwa wamemshauri Waliaula aeleze tu alivyopigwa, habari nyingine aiache. Akaapa, akaeleza alivyopigwa. Kisha bila kuulizwa akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, huyu mzee aliniuliza kama mtoto amepona. Mimi si daktari. Nilijua ugonjwa bado upo. Nikasema amepona, kwa sababu sikuweza kusema lingine. Ndiyo maana hakumrudisha. Na baada ya yeye kuacha kupigana, mimi niliendelea kumpiga."

Obiero, ambaye taya lake bado lilikuwa limefungwa kwa waya, aliinamisha kichwa kwenye kizimba na mabega yake yakaanza kutikisika. Niliposimama kutoa ushahidi wangu niliulizwa kama nataka kusema neno juu ya mshtakiwa. Nilionyesha mkono wangu. Nikasema kweli aliniumiza, na kweli alitupa kisu alipoona damu yangu. Alifungwa miaka miwili.

Waliaula aliachishwa kazi wiki iliyofuata. Hakubisha. Lakini hakurudi kwao Bungoma. Tulisikia amekwenda Ahero. Shamba la Obiero, la mradi wa serikali, lilikuwa limekaa bila mtu, na lisipolimwa msimu ule lingepewa mwingine. Siku ya kwanza ndugu mdogo wa Obiero alimkuta amesimama kwenye maji na jembe, akamtandika kwa mpini mpaka akaanguka kwenye tope. Siku ya pili alirudi, akapigwa tena. Siku ya tatu yule ndugu alikaa kwenye tuta akimtazama. Siku ya nne alishuka akalima upande wa pili wa shamba, bila kusalimiana. Mkewe, Metrine, ndiye aliyenisimulia haya. Naye alikuwa ameanza kwenda huko, akipandikiza na wanawake wengine, maji mpaka magotini.

"Waliaula anazungumza sasa?" nilimwuliza.

"Anazungumza. Usiku analia, halafu anazungumza. Zamani alikuwa anapiga ukuta tu."

Walilima misimu minne mpaka Obiero alipotoka. Sikuwepo siku walipokutana, na aliyekuwepo aliniambia tu kwamba walikaa kwenye tuta moja, na kwamba Obiero alikula kwa upande mmoja wa mdomo.

Mimi nilirudi maabara mwezi wa kumi. Nilijifunza upya kukata kwa mkono wa kushoto, na vipande vyangu vya kwanza vilichanika vyote. Siku moja niliweka kisu chini nikamwambia Daktari Rasik, "Hawa wazazi wataendelea kuja dirishani kwetu. Watauliza. Heri wapate mtu wa kuwaambia vizuri, kwa lugha wanayoisikia, wakiwa wameketi. Nipe mimi kazi hiyo. Na wewe uwe unakaa kando yangu."

Midomo yake ilikuwa bado na kovu.

"Sijui kufanya hivyo, Nelima," akasema.

"Hata mimi sijui."

Wa kwanza alikuwa mama kutoka Pap Onditi, na mwanawe wa miaka minne. Tulimketisha kwenye chumba cha akiba, Daktari upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilimwambia ugonjwa unaitwaje. Nilimwambia uvimbe unaweza kuisha wiki hii hii, na kwamba utakapoisha asiniamini mimi wala asimwamini mtu yeyote atakayemwambia yamekwisha. Nilimwambia watoto wengine hupona na wengine hufa, na kwamba sijui wake atakuwa yupi.

Alisimama akanizaba kofi. Lilikuwa kofi la mkono uliozoea jembe, nikaona giza, na mdomoni nikaonja chumvi. Daktari alinyanyuka nusu kwenye kiti chake. Nilimshika mkono akaketi tena.

Mama alibaki amesimama, akihema, mtoto akimvuta sketi. Kisha akakaa pale pale alipokuwa, akampakata mtoto wake, akajifuta uso kwa kiganja.

"Sindano ni siku gani?" akauliza.

"Jumatatu," nilimwambia. "Halafu kila wiki ya pili. Nitakuandikia."

"Mimi sijui kusoma."

"Basi tuzihesabu pamoja," nikasema, na tukaanza.